Ukanda wa mita moja kando ya uzio wa maji

Kalemie ni mji ambamo maji hayako mbali na mtoto. Ziwa Tanganyika liko mlangoni, mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, unaanzia hapo hapo, na ndani ya malupango kuna visima, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali na, kwa wachache, bwawa la kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Kinga moja inayopendekezwa ni uzio, na ushahidi wake ni mzito: uchambuzi wa tafiti za mabwawa ya nyumbani umeonyesha kuwa uzio unaozunguka bwawa lenyewe pande zote nne hupunguza hatari ya mtoto kuzama kwa zaidi ya robo tatu, ukilinganishwa na ule unaozunguka kiwanja kizima na kuliacha bwawa wazi upande wa nyumba. Hata hivyo uzio haujitoshelezi. Nguvu yake inategemea kile kinachopandwa, kinachopangwa au kinachosahauliwa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi ulio kando yake.

Kimo cha uzio huhesabiwa kuanzia pale unyayo wa mtoto unapoweza kukanyaga. Uzio wa sentimita 120 ukiegemezwa bidoni ya lita 20, yenye kimo cha sentimita 40 hivi, umebaki na 80, na hizo ni chini ya kimo cha mtoto wa miaka minne. Tuta la maua lililoinuliwa kwa matofali hufanya kazi hiyo hiyo, na vivyo hivyo kuni zilizopangwa au tawi la mwembe lililoinama. Ndiyo maana kanuni za Australia, mbali na kudai kimo hicho cha sentimita 120 na upenyo usiozidi sentimita 10, zinataka pia sentimita 90 zisizo na kitu cha kupandia. Muhogo haufai hapo: shina lake linapita kimo cha mtu mzima, na majani yake yanamficha mtoto asionekane kutoka jikoni. Mnyaa, unaopendwa kwa uzio wa miti hai, una utomvu mweupe unaounguza macho, basi usipandwe mahali watoto wanapochezea.

Atakayesema ardhi hiyo inapotea bure ana hoja, kwa kuwa lupango ni dogo na familia inahitaji kula. Ila kuuacha ukanda bila mmea kuna hatari yake: mvua huondoa udongo na kufungua mwanya chini ya uzio, na mwanya unaopitisha mwili mdogo umeubatilisha uzio wote. Kinachofaa ni mmea unaotambaa. Viazi vitamu hufunika ardhi, hushika udongo, havimpi mtoto ngazi, na matembele yake yanachumwa kila wiki. Palipo na mteremko, vetiva ina mizizi inayoshuka mita kadhaa, lakini ipandwe nje ya zile sentimita 90 na ikatwe mara kwa mara ili isiwe kichaka.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi: nani atazungushia ziwa uzio? Hakuna, na mafuriko ya Tanganyika ya 2021 na 2024 yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kuufuata uzio ulikosimama. Jibu ni kugeuza hesabu: palipo na maji yasiyozungushika, azungushiwe mtoto. Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, imepunguza vifo vya watoto wadogo kwa kuwaweka chini ya uangalizi wa mlezi mahali palipofungwa saa za asubuhi, wazazi wanapokuwa kazini. Na anayedai kwamba jicho la mama linatosha akumbuke kuwa mtoto huzama kimya, ndani ya dakika chache, wakati jicho hilo limegeukia sufuria. Uzio upo kwa ajili ya dakika hizo. Basi kabla ya kuchagua ua la kupanda kando yake, mwenye lupango apime mita moja, aondoe kila kinachoweza kukanyagwa, na apande kile tu kinachobaki chini ya goti.