New Zealand: kwa nini keshia hudai pasipoti kabla ya kuuza chupa ya divai

Mkazi wa Melbourne, Brisbane au Perth anayevuka Bahari ya Tasman kwenda kuwatembelea ndugu zake Auckland au Palmerston North hukuta mambo mengi yanayofanana na ya huku. Magari hupita upande wa kushoto, dola huitwa dola, na umri wa kununua kileo ni miaka 18 kama ulivyo katika majimbo yote ya Australia. Hata hivyo, mgeni huyo akifika kwenye kaunta ya supamaketi na pakiti ya bia, akatoa leseni yake ya udereva ya Victoria au Queensland, anaweza kurudishiwa leseni hiyo pamoja na maneno ya upole lakini mazito: "Samahani, tunahitaji pasipoti."

Wengi hudhani keshia ameamua tu kuwa mkaidi. Wengine, hasa waliokwisha kuonja ubaguzi mahali pengine, hudhani wameulizwa kwa sababu ya rangi yao. Mara nyingi jibu limo katika sheria yenyewe, na inafaa kuieleza, kwa kuwa imejengwa kwa namna inayomtia hofu muuzaji zaidi kuliko mnunuzi.

Mzigo uko kwa muuzaji

Sheria ya Uuzaji na Utoaji wa Vileo ya mwaka 2012 inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Mwenye leseni ya duka au meneja akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000 za New Zealand, na leseni ya duka ikasimamishwa kwa muda wa hadi siku saba. Mfanyakazi wa kawaida, ambaye pengine ni mwanafunzi anayefanya kazi za jioni, anaweza kutozwa hadi dola 2,000. Duka linalorudia makosa ya namna hii mara tatu ndani ya miaka mitatu hujiweka katika hatari ya kufutiwa leseni kabisa.

Muuzaji anao utetezi mmoja wa maana: athibitishe kwamba aliamini, kwa sababu za msingi, kuwa mnunuzi ametimiza umri, na kwamba alikwisha kuona hati ya umri inayokubaliwa. Haimsaidii kusema kuwa mteja alikuwa na ndevu, au kwamba alikuja na watoto wake. Sheria ilipopitishwa, hati zilizotajwa zilikuwa za aina tatu tu: pasipoti ya New Zealand au ya nchi nyingine, leseni ya udereva iliyotolewa New Zealand, na kadi maalumu ya kuthibitisha umri, ambayo tangu mwaka 2019 inajulikana kwa jina la Kiwi Access Card. Leseni ya Australia haikuwemo katika orodha hiyo. Mkazi wa Melbourne aliyezoea kutumia leseni yake ileile akiwa Sydney au Adelaide hushangaa, lakini kwa jicho la sheria hiyo New Zealand si jimbo jingine. Ni nchi nyingine.

Duka linaweza kukamatwa wakati wowote, na hilo huongeza hofu. Polisi na wakaguzi huendesha ununuzi wa majaribio, ambapo kijana wa chini ya miaka 18 aliyejitolea hutumwa dukani kununua kileo huku maofisa wakiwa karibu. Keshia hajui ni nani aliye mbele yake. Ndiyo maana maduka mengi yamejiwekea desturi ya kumwomba kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, ingawa sheria inasema 18. Ile miaka saba ya ziada ni ukuta ambao wenye maduka wameujenga wenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kutofautisha kwa macho sura ya miaka 17 na ya miaka 19.

Umri wa miaka 18 wenyewe si wa zamani sana nchini humo. Hadi tarehe 1 Desemba 1999 mnunuzi alitakiwa kuwa na miaka 20. Ni katika mwaka huohuo ambapo leseni za udereva zenye picha zilianza kutolewa; leseni ya karatasi isiyo na picha ingemsaidia keshia kidogo sana. Mwaka 2012 bunge lilipiga kura kuhusu kuurudisha umri huo juu, na wabunge wakaamua ubaki 18.

"Mimi ni mama wa watoto watatu"

Katika jamii za Afrika Mashariki na Kongo, kumwuliza mtu mzima umri wake mbele za watu si jambo dogo. Mama anayeitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, anayeamkiwa "shikamoo" na nusu ya waumini wa kanisa lake, anapotakiwa na msichana wa miaka 19 aonyeshe hati ya kuthibitisha kuwa amekua, huhisi kwamba heshima yake imewekwa juu ya kaunta pamoja na ile chupa. Utani wa wenyeji kwamba kuulizwa ni sifa, maana yake unaonekana kijana, haumpozi kila mtu.

Desturi nyingine inayogongana na sheria ni ile ya kutumwa dukani. Wazazi wengi waliolelewa Bukavu, Kigoma au Bujumbura walitumwa wakiwa wadogo kuleta sigara za baba au bia za wageni, na muuzaji alijua chupa ni ya nani. New Zealand keshia hatakiwi kujua chupa ni ya nani. Anatakiwa kujua umri wa anayeinunua. Mzazi au mlezi halali anaruhusiwa kumpa mwanawe kileo, mradi afanye hivyo kwa uangalifu, lakini shangazi, mjomba au rafiki wa familia anahitaji idhini ya wazi ya mzazi, la sivyo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 2,000. Kwa familia ambazo mtoto wa ndugu huhesabiwa kuwa mtoto wa nyumba, hapa ndipo penye mtego. Baba mdogo anayemhesabu kijana kuwa mwanawe si mzazi wake mbele ya sheria, ila akiwa mlezi aliyetambuliwa rasmi.

Kuna pia wazazi waliokataliwa kuuziwa kwa sababu wameingia dukani na kijana wao wa miaka 15 au 16. Sheria haimkatazi mtu mzima kununua akiwa na mwanawe. Ni tahadhari ya duka, linaloogopa kwamba kileo kinanunuliwa kwa ajili ya kijana. Mteja anaweza kuomba kuzungumza na meneja, na mara nyingine husikilizwa. Lakini duka lina uhuru wa kukataa kuuza, na kubishana na keshia asiye na mamlaka ni kupoteza muda.

Waliozaliwa tarehe mosi Januari

Kwa wasomaji waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali, suala la kitambulisho lina uzito mwingine. Watoto wengi waliozaliwa vijijini au njiani wakati wa vita hawakupata cheti cha kuzaliwa. Walipoandikishwa, karani alipojua mwaka tu, au alipoukisia, aliandika tarehe 1 Januari. Tarehe hiyo ikahamia kwenye hati za safari, kisha kwenye viza, kisha kwenye leseni. Ndiyo maana katika familia moja wazazi na watoto wote wanaweza kusherehekea siku moja ya kuzaliwa ambayo si ya yeyote kati yao.

Kijana aliyezaliwa kweli mwezi wa Novemba, lakini karatasi zikasema Januari ya mwaka huohuo, hufikia utu uzima wa kisheria miezi kumi kabla ya wakati wake. Aliyekosewa mwaka hubaki mtoto wa karatasi ilhali wenzake wa rika wamekwisha kuhesabiwa watu wazima. Keshia hana namna ya kujua hayo. Macho yake huona mwaka, hupiga hesabu, basi.

Uzito wa tarehe hiyo ulikaribia kuonekana kwa namna ya kipekee katika suala la tumbaku. Desemba 2022 bunge la New Zealand lilipitisha sheria iliyotazamwa kote duniani: yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2009 au baadaye asingeuziwa sigara maisha yake yote. Idadi ya maduka yanayouza tumbaku ilikusudiwa kupunguzwa kutoka takriban 6,000 hadi 600. Marufuku ya kizazi ilikuwa ianze mwaka 2027. Mstari, basi, ulichorwa juu ya tarehe ileile ambayo makarani wa kambi huitumia wasipojua. Mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa 2008, akaandikwa 1 Januari 2009, angesimama upande wa pili wa mstari daima, akiulizwa hati yake hata akiwa na miaka 50.

Hilo halikutokea. Serikali mpya ya muungano inayoongozwa na Christopher Luxon ilifuta masharti hayo Februari 2024, kabla hayajaanza kutumika. Umri wa kununua sigara ukabaki miaka 18, na ndio pia umri wa kununua sigara za kielektroniki. Kwa upande huo wa pili, hata hivyo, serikali hiyohiyo imekaza kamba: faini kubwa kabisa kwa biashara inayomuuzia mtoto imepandishwa kutoka dola 10,000 hadi 100,000, na tangu Juni 2025 sigara za kielektroniki za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku.

Si vileo na tumbaku tu

Mgeni huweza kuulizwa umri pale asipotarajia. Rangi ya kupuliza ya kopo haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, kwa sababu ya michoro ya ukutani. Fataki nazo ni za wenye miaka 18, na huuzwa kwa siku nne tu katika mwaka, kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba. Tiketi za bahati nasibu za kukwaruza zina umri huohuo, ilhali mlango wa kasino haufunguki kabla ya miaka 20. Pombe kali kama wiski haipatikani kabisa katika supamaketi. Anayeihitaji huenda kwenye duka la vileo.

Vipi basi ikiwa mteja anaona kwamba anaulizwa yeye tu, huku vijana weupe waliomtangulia wakipita bila neno? Kuomba kitambulisho kwa ajili ya umri ni halali. Kuwaomba watu wa rangi moja tu si halali. Sheria ya Haki za Binadamu ya New Zealand ya mwaka 1993 inakataza kumbagua mtu kwa rangi au asili yake katika kuuziwa bidhaa na huduma, na malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Binadamu bila malipo. Anayekusudia kulalamika hufanya vyema kuandika mapema saa, jina la duka na maneno yaliyosemwa, na kutunza risiti ikiwa alinunua kitu kingine.

Kwa anayekwenda kwa siku chache, hati iliyo salama zaidi ni pasipoti yenyewe. Picha ya pasipoti iliyo kwenye simu haitoshi, na nakala ya karatasi vilevile. Wasafiri wengi huiacha hotelini au kwa mwenyeji wao wakihofia kuipoteza, kisha hukumbuka wakiwa kwenye foleni. Ndugu aliyehamia New Zealand na asiyeendesha gari ana njia rahisi zaidi: Kiwi Access Card huingia mfukoni kama leseni, na ikipotea haimzuii mtu kupanda ndege ya kurudi nyumbani.