Fahamu: Jinsi kupe anavyoeneza ndigana kali

Wafugaji walipoondolewa Ihefu, Mbarali, mwaka 2006, baadhi yao walihamishia ng'ombe Rufiji. Kwa mfugaji wa huko, kama wa Ndundu na Kibiti, kupe ni adui wa kila siku.

Je, ugonjwa anaoueneza kupe huyo ni Lyme?
Hapana. Lyme, uliopewa jina la mji wa Marekani, husababishwa na bakteria na hupata watu, mbwa na farasi, hasa Marekani na Ulaya. Tishio kubwa kwa ng'ombe wetu ni ndigana kali, inayoletwa na kimelea *Theileria parva*. Haiambukizi binadamu.

Huenezwaje?
Kupe mchanga hunyonya damu ya ng'ombe mwenye vimelea, hudondoka na kujivua gamba kwenye majani. Akimpanda ng'ombe mwingine, hasa masikioni, humwambukiza kupitia mate. Kwa kawaida vimelea huchukua siku kadhaa kukomaa ndani ya kupe anayenyonya, hivyo kumwondoa mapema husaidia.

Dalili
Homa kali, tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, kukosa hamu ya kula, kupumua kwa shida na povu puani. Ng'ombe asiyetibiwa mara nyingi hufa ndani ya wiki chache.

Kinga
Ogesha mifugo kwa ratiba, ukifuata kipimo cha dawa. Chanjo ipo, ndama akichanjwa mara moja hupata kinga ya muda mrefu. Ukiona tezi zimevimba, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, kwani dawa hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mchanga.