Istilahi ikimpotosha fundi, mwenye mashine ndiye hulipa

MIAKA ya mwanzo ya 2000, jamaa yangu mmoja aliyekuwa na kibanda cha saiba aliniita nimtazamie tarakilishi yake kuukuu. Kila modemu ilipoanza kupiga simu ili kuingia mtandaoni, kipanya kiliganda papo hapo.

“Mwalimu, fundi amesema hii modemu imekufa. Nimenunua ingine, na bado ni yale yale,” alilalama.

Nilimuuliza fundi alijuaje kuwa modemu imekufa. Akanionyesha maneno ya Kiingereza kwenye skrini: “Interrupt Request 04”, na chini yake orodha ya vifaa vinavyogongana. “Si unaona? Inasema simu inakatika.”

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hitilafu ya kwanza ilikuwa ya lugha. Katika makala ya leo, mpenzi msomaji, ningependa tutazame jinsi istilahi inavyoweza kumwelekeza fundi kwenye tatizo au kumpotosha.

Tuanze na neno “modem” lenyewe. Limeundwa kwa uhulutishaji, yaani kuunganisha vipande vya maneno mawili, jinsi chakula cha jioni kilivyozaa ‘chajio’. Kipande cha kwanza chatokana na kugeuza data iwe mawimbi yanayoweza kupita kwenye waya wa simu. Cha pili, kuyageuza tena mawimbi hayo yawe data. Kiswahili kimelitohoa neno hili kuwa ‘modemu’, na halina matata.

Matata yako kwenye neno “port”. Kuna wanaokimbilia kamusi na kulitafsiri ‘bandari’. Hata hivyo, katika taaluma ya tarakilishi neno hili lina asili ya Kilatini ‘porta’, yaani lango, wala si ‘portus’, bandari. Hivyo basi ‘lango’ ndilo linalofaa. Nalo lango linalozungumziwa hapa ni la mfuatano: biti hupita moja baada ya nyingine, kama abiria wanavyoingia kwenye matatu yenye mlango mmoja. Kwa kawaida malango haya huitwa COM1, COM2, COM3 na COM4.

Tuje sasa kwa “interrupt”, neno lililomponza fundi wetu. Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa tarakilishi, huwa na shughuli nyingi. Kifaa kikiwa na jambo la haraka, kwa mfano kipanya kimesogezwa, hukikatiza kichakataji ili kisikilizwe. Kiswahili kina kitenzi mwafaka cha tendo hili: ‘kudakiza’, yaani kumwingilia msemaji kabla hajamaliza kauli yake. Kwa hiyo onyo lile halikuhusu simu kukatika hata kidogo. Lilitaja ombi la kudakiza nambari 4.

Tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na laini 8 pekee za kudakizia. Kwa kuwa laini zilikuwa chache, COM1 na COM3 zilipewa laini nambari 4, nazo COM2 na COM4 zikapewa laini nambari 3. Mpangilio huo ulirithiwa na tarakilishi zilizofuata, hata baada ya laini kuongezwa mwaka 1984. Vifaa viwili vikiitumia laini moja kwa wakati mmoja, kimoja hunyamazishwa. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja.

Kipanya cha jamaa yangu kilikuwa COM1, na modemu COM3. Zote mbili zilidakiza kupitia laini nambari 4. Hata angenunua modemu kumi na kuziweka palepale, kipanya kingeendelea kuganda.

Tulifanya hivi. Kwanza, tuliizima mashine, tukaichomoa kadi ya modemu, tukawasha tena. Kipanya kilikuwa kizima, ishara kwamba ugomvi ulikuwa kati ya vifaa hivyo viwili. Pili, tuliingia kwenye mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows kuanza, tukalifunga lango la COM2 ambalo halikuwa na kazi, ili laini nambari 3 ibaki wazi. Tatu, kwenye kadi ya modemu kulikuwa na vijiti vidogo vya chuma vyenye vikofia vya plastiki. Tukavihamisha vikofia hivyo hadi kwenye alama za COM2 na laini nambari 3. Tukairudisha kadi, tukawasha. Modemu ikapiga simu, na kipanya kikatembea. Modemu ya kwanza, iliyokuwa imetupwa kabatini, nayo ilipojaribiwa hivyo ikafanya kazi. Pesa za ile ya pili zilikuwa zimepotea bure.

Siku hizi ugomvi wa aina hii ni nadra. Mashine mpya hujipangia laini zenyewe, na vifaa vingi hutumia USB, iliyoanza mwaka 1996. Hata hivyo, malango ya mfuatano hayajatoweka. Bado yapo kwenye baadhi ya mizani, vifaa vya maabara na mitambo ya viwandani.

Nionavyo mimi, istilahi nzuri haitokani na kamusi pekee. Sharti anayeiunda ajue kifaa kinafanya nini, kisha atafute neno ambalo tayari linabeba tendo hilo. ‘Kudakiza’ lilikuwapo kabla ya tarakilishi ya kwanza kuundwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na fundi na kumuuliza, “Hiki kinafanyaje kazi?” Waundaji istilahi wetu wangeanzia kwenye swali hilo, fundi wa kesho angeusoma ujumbe wa skrini na kujua pa kushika bisibisi.