Neno "Kupe" na Maana Zake

Kila mfugaji amjua kupe. Ni mdudu mdogo. Naye akiisha kukua ana miguu minane, kama buibui. Hukaa katika majani akimngoja mnyama apite, kisha humng'ang'ania, hutoboa ngozi yake, na kunyonya damu hata avimbe mara nyingi kuliko alivyokuwa kwanza. Tena hadhara yake si damu tu. Wako kupe wapelekao ndigana kali, ugonjwa uuao ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki. Hata ng'ombe afungwaye nyumbani, kama ilivyo desturi ya Wachaga, aweza kuletewa kupe ndani ya mzigo wa majani.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza. Maana ya pili ni mtu aishiye kwa jasho la wenzake. Lakini tusimchanganye na mdowezi. Mdowezi hutokea mtori unapopakuliwa, hula, kisha huenda zake. Kupe haendi. Ana afya na nguvu. Ndugu yake achumapo kahawa yeye amelala, na fedha zikilipwa yeye ndiye wa kwanza kunyosha mkono. Wazee walimwonya mtu wa namna hii waliposema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Angalieni mifereji ya maji katika miteremko ya Kilimanjaro. Mfereji mmoja hutumiwa na nyumba nyingi, na siku ya kuuzibua wote huitwa. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini, au hunyimwa zamu yake ya maji. Kwa nini? Kwa sababu akiachwa mmoja anywe bila kuchimba, kesho watakuwa kumi, na keshokutwa mfereji utakauka.

Maana ya tatu ni ya mambo ya nchi. Mwaka 1933 vyama vya wakulima wa kahawa vya Kilimanjaro viliungana katika chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U., ili kahawa iuzwe kwa pamoja. Baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, nalo lilikataza unyonyaji. Katika miaka ile neno kupe lilisikika sana, likiwa jina la mtu atajirikaye kwa kazi ya wengine. Lakini Azimio lenyewe halikuwaonya matajiri peke yao. Liliwakumbusha hata watu wa mijini kwamba wasipoangalia wao pia watawanyonya wakulima, kwa kuwa mazao ya shamba ndiyo yalipayo madeni ya vitu vya mjini.

Basi, neno hili ni kali, wala halifai kutupwa ovyo. Mgonjwa si kupe. Mtoto mchanga si kupe. Bibi aotaye moto jikoni mchana kutwa si kupe. Mikono yake ndiyo iliyopanda migomba ambayo ndizi zake mnazila leo. Yeye alikwisha kulipa kabla ninyi hamjazaliwa. Kupe ni yule awezaye kufanya kazi, akakataa, akala.

Kabla hujamwita mwenzio jina hili, jiulize: Maji niliyokunywa leo asubuhi, nani aliyateka?

Maswali
1. Mdowezi na kupe wana tofauti gani?
2. Kwa nini asiyezibua mfereji hunyimwa maji?
3. Taja watu watatu wasiostahili kuitwa kupe, ueleze sababu.