Hisia Zinapopanda Kama Wimbi

Katika mitaa ya Kimironko, mjini Kigali, kama kwingineko, wapo watu ambao neno moja la ukali huwachoma kama moto. Asubuhi humpenda mwenzao kupita kiasi, jioni humwona adui. Huogopa mno kuachwa, na uchungu unapozidi baadhi yao hutamani kuidhuru miili yao. Majirani husema ni deko. Sivyo, ni maradhi.

Wataalamu huyaita maradhi ya haiba ya mpakani. Daktari Adolph Stern wa New York aliyaeleza mwaka 1938, enzi ilipodhaniwa kuwa yamo mpakani baina ya aina mbili za maradhi ya akili. Mwaka 1980 yaliingizwa katika orodha rasmi ya madaktari wa akili wa Marekani.

Ndugu msomaji, ajidhuruye mara nyingi hatafuti kutazamwa. Hutafuta kuutuliza moyo. Nafuu hiyo ni ya kitambo tu. Hufuatwa na aibu, na aibu huirudisha tamaa ile ile.

Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alibuni tiba ya kuwafundisha wagonjwa kuzitawala hisia. Utafiti wake wa mwaka 1991 ulionyesha kuwa waliotibiwa hivyo walijidhuru mara chache zaidi. Mwaka 2011 alitamka hadharani kuwa yeye mwenyewe aliwahi kujidhuru ujanani.

Mgonjwa na ayashike haya. Kwanza, tamaa ya kujidhuru ni wimbi: hupanda, hufika kilele, hushuka. Angoje robo saa, kisha aongeze nyingine. Pili, aitaje hisia yake kwa jina: "Nina hofu," "Nina aibu." Tatu, apumue polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, atembee kwa kasi, au anawe uso kwa maji baridi, ikiwa hana maradhi ya moyo.

Nanyi jamaa, msimkaripie wala msimdhihaki. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujidhuru au kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Dawa na sumu ziwekwe mbali naye. Askari na polisi wazingatie zaidi: silaha isilale katika nyumba yenye mtu wa hali hii, irudishwe ghalani. Hatari ikiwa karibu, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe hospitali mara moja.

Msaada haupo mbali. Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya maradhi ya akili ya Ndera, iliyomo Wilaya ya Gasabo pamoja na Kimironko, imepokea wagonjwa tangu mwaka 1972. Askari naye asione haya kumweleza daktari wake, kwani kujeruhiwa moyoni si woga.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kadiri miaka ipitavyo, hasa wanapotibiwa na kuvumiliwa. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi tusiyafiche.