Si Uvivu, ni Ini



Sisi wa Mombo tunaujua ukungu. Kuna asubuhi mtu husimama stendi, akatazama juu kule Soni, asiione milima ya Usambara. Milima ipo palepale, ila imefunikwa. Mwezi huu tunazungumza juu ya ukungu wa namna nyingine, ule unaofunika akili ya mtu mwenye homa ya ini aina ya C.

Tuchukue mfano. Mama fulani anauza mboga sokoni, na siku zote amekuwa hodari wa hesabu. Sasa anamrudishia mteja chenji mara mbili. Anaingia ndani kuchukua kitu, akifika amesahau alichofuata. Jina la jirani wa miaka mingi linampotea mdomoni. Mchana anachoka kama aliyelima kutwa. Watoto wanasema mama amekuwa mvivu. Majirani wananong'ona kwamba anakunywa kwa siri, au amerogwa. Mwenyewe anaogopa kuwa anaanza kupata wazimu, kwa hiyo ananyamaza. Huenda wote wamekosea, na shida ipo kwenye ini.

UGONJWA WENYEWE

Homa ya ini aina ya C huletwa na virusi vilivyotambuliwa mwaka 1989. Hukaa katika damu na kulidhoofisha ini polepole. Mtu anaweza kuishi navyo miaka 20 au 30 bila kujua, hata ini lianze kuwa na makovu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 50 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu.

Huambukizwa kwa damu: sindano iliyotumiwa na mwingine, damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa, wembe wa kuchanjia chale unaopita kwa watu wengi, au vifaa vya kutogea masikio visivyosafishwa ipasavyo. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto. Kwa tendo la ndoa yawezekana, lakini ni mara chache. Hauambukizwi kwa kula sahani moja, kushikana mikono, kukumbatiana wala kukohoa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa kikombe. Vya kutengwa ni wembe, mswaki na kikatio cha kucha.

KWA NINI KICHWA KINAGUSWA?

Sababu ni zaidi ya moja. Kwanza, mwili unaopigana na virusi siku zote huchoka, na akili huchoka pamoja nao. Pili, wagonjwa wengi hawalali vizuri, na wengine huzama katika huzuni. Mambo hayo mawili peke yake hupunguza kumbukumbu. Tatu, ini ndilo linalosafisha damu. Likishapata makovu mengi, taka kama amonia hubaki katika damu na kufika kwenye ubongo. Hali hii ya tatu ni ya hatari, na tutairudia hapa chini.

DAWA ZA ZAMANI NA ZA SASA

Watu wengine huogopa matibabu kwa sababu ya habari za zamani, na habari hizo hazikuwa za uongo. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za interferoni, baadaye pamoja na vidonge vya ribavirini, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12. Interferoni ilileta homa, huzuni nzito na ukungu uleule wa akili. Ribavirini ilipunguza damu. Wengi waliacha njiani, na waliovumilia hawakupona wote.

Mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2013 kumepatikana vidonge vipya, kama sofosbuviri, ambayo hutumiwa pamoja na daklatasviri. Kwa kawaida humezwa kila siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona. Wengine huumwa kichwa au kuchoka, lakini kwa kawaida ni kidogo. Misri ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi duniani, kwa sababu zamani sindano za kutibu kichocho zilirudiwa kwa watu wengi. Nchi hiyo ikapima wananchi wake kwa mamilioni, ikawatibu, na mwezi Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaisifu kwa hatua iliyofikia.

Je, ukungu huondoka virusi vikiisha? Kwa wengi hupungua, tena polepole, kwa miezi. Kwa wengine hubaki kiasi. Ukibaki, mgonjwa arudi kwa daktari, maana upungufu wa damu, kisukari, huzuni na pombe navyo huleta usahaulifu.

JINSI YA KUISHI NAO

1. Mgonjwa awe na daftari dogo. Aandike madeni, siku za kliniki na mambo ya kufanya.

2. Kila kitu kiwe na mahali pake: ufunguo, simu, kadi ya kliniki.

3. Kazi za hesabu na maamuzi zifanywe saa ambayo kichwa ni chepesi, kwa wengi asubuhi. Afanye jambo moja kwanza, ndipo jingine.

4. Vidonge vimezwe saa ileile kila siku, na mtu mmoja wa nyumbani awe mkumbushaji.

5. Kliniki aende na mwenzake, kwa kuwa masikio mawili yakisahau, mengine mawili yatakumbuka.

6. Pombe aiache kabisa, iwe ya dukani au gongo. Dawa za miti shamba na vidonge vya usingizi asitumie bila kumwambia daktari.

7. Asinyimwe maharage, mayai wala samaki. Mwili wake unahitaji vyakula hivyo.

Nanyi wa nyumbani, msimcheke wala kumsema mbele ya watoto. Mwambieni jambo kwa maneno machache, mkilirudia kwa upole.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo mkiona: analala mchana na kukesha usiku, maneno yake hayaeleweki, mikono inapigapiga akiinyosha mbele, au anaamshwa kwa shida. Vilevile akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, tumbo likijaa maji, au macho yakiwa ya manjano. Hapo msianze kutafuta aliyeroga. Kuchelewa siku moja kunaweza kumgharimu maisha yake.

PA KUANZIA

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mkaulize juu ya kipimo cha homa ya ini. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kuelekezwa Magunga, Korogwe, au Bombo, Tanga. Kipimo cha kwanza huonyesha tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Wapo ambao mwili wao umeshinda virusi wenyewe. Kipimo cha pili ndicho huthibitisha kama bado vipo. Kabla ya tiba apimwe pia homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha. Aina ya B ina chanjo. Aina ya C haina, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tusiwafanye wagonjwa wetu wayafiche kwa kuogopa kuitwa wavivu au walevi. Kama nyumbani kwako yupo aliyebadilika hivi, kaa naye leo jioni, umuulize anavyojisikia, na umsikilize bila kumharakisha. Kisha kesho mfuatane kwenda kupima.