Kubadilisha Kiungo cha Usukani: Tununue Spea ya Namna Gani?

Wengi wetu tunazo motokaa za kubebea wachumaji na magunia, na wasio na zao hukodi za jirani wakati wa msimu. Njia za mashambani zina mawe na mashimo, nazo huchosha kila kiungo cha gari. Viungo vingine vikichoka, mwenye gari hupata hasara ya fedha tu. Kiungo cha usukani kikichomoka, hupotea watu. Kwa hiyo yafaa tueleze habari zake, na hasa namna ya kukinunua na kukifunga Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakoagiza spea, na ndiko wanakoishi watoto na ndugu zetu tunaowatuma.

Kiungo hiki ni kitu gani?

Mafundi hukiita tairodi endi. Ni kichwa cha chuma chenye kijiti ndani yake, na mwisho wa kijiti kuna kirungu cha mviringo kinachogeuka ndani ya kikombe chenye grisi, kama mfupa wa paja unavyogeuka katika nyonga. Juu yake kuna mpira wa kuzuia vumbi na maji. Ncha ya pili ya kijiti huingia katika mkono wa gurudumu na kukazwa kwa nati. Dereva akizungusha usukani, fimbo husukuma au huvuta kiungo hiki, na gurudumu hufuata.

Mpira ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Kikombe hulika kidogo kidogo, mpaka siku moja kirungu kikachomoka, na tangu hapo gurudumu lile halisikii tena amri ya dereva.

Dalili zake

Gari hugongagonga mbele likipita shimoni; usukani huwa mlegevu; gari hutangatanga njiani; tairi za mbele hulika upande mmoja. Ukiona hayo, inua gurudumu kwa jeki, kisha uweke stendi imara, kwa maana si salama kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Shika tairi kulia na kushoto ulitikise, na mwenzako aweke kidole juu ya kiungo. Akisikia kinacheza, kimekwisha. Likicheza unapolishika juu na chini, tazama boli jointi au beringi.

Aina za spea

Ya kwanza ni ile inayouzwa kwa jina la kiwanda kilichounda gari. Ya pili ni ya kampuni nyingine, inayotengeneza kiungo kama hicho na kukiuza kwa jina lake yenyewe. Ya tatu ni ya bandia, iliyobandikwa jina la mwingine ili kumdanganya mnunuzi. Ya nne ni ya mtumba, iliyotolewa katika gari jingine.

Wengi huchanganya ya pili na ya tatu, na hapo ndipo penye kosa. Spea ya kampuni nyingine si lazima iwe mbovu. Alama ya 555, wanayoijua mafundi wengi wa pwani yetu, ni ya kampuni ya Sankei ya Japani. Si ya Toyota wala ya Suzuki, lakini ni kampuni inayoweka jina lake juu ya kazi yake. Mwenye kununua spea ya namna hii hakukosea. Lakini jina linalopendwa ndilo linaloigwa, kwa hiyo jina juu ya boksi halitoshi kuwa ushahidi. Ama ya mtumba, kwa kiungo cha usukani haifai, maana hujui kimekula njia ngapi na kimebakiwa na nini.

Sisi wakulima wa karafuu twalijua jambo hili vizuri. Hakuna mnunuzi anayepima karafuu kwa kutazama gunia. Hulifungua, hutia mkono, hutazama kama zimekauka na kama zimechanganywa na makonyo. Basi na sisi tufanye vivyo hivyo kwa spea.

Namna ya kununua

Katika gereji nyingi za Kinondoni na Temeke, kazi hufanywa kando ya barabara au chini ya mti, na spea huletwa kutoka maduka ya Kariakoo na Gerezani. Mara nyingi fundi humtuma kijana, na mwenye gari huja kuiona spea ikiwa imekwisha fungwa. Mwambie fundi, kwa adabu, kwamba boksi lifunguliwe mbele yako au mbele ya yule uliyemtuma. Fundi mwema hatachukia.

1. Mpe mjumbe namba ya chesisi, na ikiwezekana kiungo cha zamani chenyewe. Gari za jina moja hutofautiana kwa miaka, na cha kulia huenda kisifanane na cha kushoto. Kosa hapa ni nauli nyingine ya boti.

2. Shika kijiti ukizungushe kwa mkono. Kiwe kizito kidogo na kiende sawasawa. Kikilegea au kikikwama, kirudishe.

3. Tazama mpira usiwe mkavu wala na nyufa, meno ya skrubu yawe safi, na namba iliyo juu ya boksi ilingane na ya chuma.

4. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, uliza sababu. Na udai risiti, kwa kuwa bila risiti huna dai.

Namna ya kufunga

Kabla ya kukitoa cha zamani, fundi apime urefu wake kwa rula au ahesabu mizunguko anapokifungua, ili kipya kikae karibu na pale pale. Tundu la mkono wa gurudumu lisafishwe likauke. Kama limepanuka, kiungo kipya hakitakaa, na mkono huo nao ubadilishwe. Nati iwe mpya, ikazwe kwa nguvu aliyoagiza mwenye kuunda gari. Ikiwa ni nati ya kutiwa pini na tundu halijalingana, isilegezwe kamwe. Ikazwe mbele mpaka lilingane, kisha itiwe pini mpya. Fundi akitaka kukichomelea kiungo cha zamani ili kitumike tena, kataa.

Kazi ikiisha, gari lipelekwe kupimwa alaimenti. Asiyepima hula tairi zake. Baada ya siku chache za kazi, nati zikaguliwe tena.

Ukidanganywa

Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi, na huko Bara Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Shirika la Viwango, TBS, lililoanzishwa mwaka 1975, huangalia ubora, na kwetu Zanzibar iko Taasisi ya Viwango. Peleka spea, boksi na risiti.

Ndugu wanachama, gari la shamba halibebi magunia peke yake. Juu ya magunia huketi wachumaji, akina mama na vijana wa majirani, ambao hawakuulizwa spea ya namna gani inunuliwe. Mwenye gari ndiye aliyewachagulia. Basi kabla ya msimu kuanza, kila mwenye motokaa ainue magurudumu ya mbele na kuyatikisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.